Visima vya Yrendagüé: Jeshi Lililokatiwa Maji

Tarehe 8 Desemba 1934, askari wa Paraguay walitokeza kwenye visima vya Yrendagüé, katika nyika kavu ya Chaco, wakiwa wenyewe hoi kwa kiu. Walikuwa wamepenya porini hadi nyuma ya jeshi la Bolivia. Kamanda wao, Kanali Eugenio Garay, mzee wa takriban miaka 60, aliyaacha mahandaki ya Wabolivia kule mbele na kufuata maji.

Nchi hizo mbili zilizokuwa zikipigania Chaco hazina bahari, lakini hazikulingana. Paraguay ilikuwa na mto. Shehena ilipanda kutoka Río de la Plata hadi Asunción, ikaendelea hadi Puerto Casado, na hapo reli nyembamba ya kampuni iliyovuna magogo ya kutengenezea dawa ya kusindika ngozi ikaisogeza takriban kilomita 145 ndani ya Chaco. Malori yakabakiwa na kipande cha mwisho tu. Bolivia, iliyopoteza pwani yake kwa Chile katika vita vilivyoanza 1879, ilitegemea bandari za jirani. Mzigo ulipanda milimani kwa treni, ukateremka hadi Villazón, mpakani mwa Argentina, na kutoka hapo ni vumbi tupu, mamia ya kilomita kupitia Tarija na Villamontes. Askari wengi walizitembea kwa miguu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Askari anayefanya kazi juani anahitaji si chini ya lita 5 kwa siku. Kikosi cha watu 10,000 kinataka lita 50,000, yaani mapipa 250 ya lita 200. Lori la tani mbili hubeba mapipa 10. Hizo ni safari 25 kila siku, kabla hujapakia risasi hata moja wala gunia la chakula. Na lori nalo linakunywa: petroli, na maji ya rejeta.

Ndiyo maana namlaumu Kanali David Toro, kamanda wa kikosi cha Bolivia kilichopigana hapo. Aliwafukuza Waparaguay hadi Picuiba na kuzidi kusonga mbele, huku maji ya kikosi kizima yakitoka Yrendagüé, nyuma yake. Akiba yote ilikuwa mahali pamoja, ulinzi hafifu, na hakuna ghala la pili njiani. Kwa ofisa ugavi yeyote, hilo ni kosa la darasa la kwanza.

Visima vilipotekwa, malori ya maji hayakurudi. Desemba ni majira ya joto huko. Kikosi kilisambaratika porini bila kupigwa sana, na maelfu wakafa kwa kiu au kutekwa. Garay na watu wake walinywa maji yaleyale waliyowanyima wenzao.

Mapigano yalisimama Juni 1935, na sehemu kubwa ya Chaco ikabaki mikononi mwa Paraguay.