Kuuhoji Moshi

Pikipiki ikipandishwa kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, haiendi popote. Gurudumu la mbele limebanwa, mikanda imekazwa pande zote mbili, na tairi la nyuma limekaa juu ya rola zito la chuma. Fundi akivuta resi, tairi hulizungusha rola. Uzito wa rola unajulikana, kwa hiyo kompyuta ikipima jinsi linavyoongeza kasi, inapata nguvu iliyofika kwenye gurudumu.

Katika gereji za Houston, Dallas na Fort Worth, jimboni Texas, pikipiki nyingi hupandishwa kwenye daino baada ya kubadilishwa ekzosi au chujio la hewa, maana hewa inayoingia si ileile tena na mafuta lazima yaifuate. Petroli tupu huhitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ili iungue yote. Nguvu zote zikitakiwa, fundi huishusha namba hiyo hadi karibu 13. Namba zenyewe hutoka kwenye kihisi kilichochomekwa ndani ya bomba la moshi.

Ufundi unaanzia hapo. Kihisi hakioni petroli, kinaona oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ekzosi ikivuja kwenye maungio, hewa ya nje hunyonywa ndani na kompyuta husema mafuta ni machache. Mafuta yakizidi hadi plagi ikashindwa kuyawasha, oksijeni isiyotumika hupita, na kompyuta husema vilevile: machache. Mwepesi wa kuamini ataongeza petroli juu ya petroli. Fundi hodari huzima injini, akakagua gasketi, akafungua plagi na kuitazama rangi kama afanyavyo fundi wa bodaboda Dar es Salaam: nyeusi ya masizi, nyeupe ya joto kali, au ile kahawia anayoitafuta.

Hata petroli ina lake la kusema. Sheria inaitaka miji hii iuze petroli iliyotengenezwa kupunguza uchafuzi wa hewa, nayo kwa kawaida huchanganywa ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huja na oksijeni yake, kwa hiyo ile 14.7 hushuka karibu na 14.1. Ndiyo maana wapo mafundi wanaopenda kusoma lamda, kipimo ambacho 1 ni mlingano kamili, mafuta yawe ya aina gani. Na unyevunyevu wa Houston, ambao mtu wa Mombasa angeutambua mara moja, huipunguzia hewa oksijeni. Kompyuta hukokotoa upya matokeo kana kwamba hewa ilikuwa kavu na ya nyuzi 25 za Selsiasi, ili pikipiki iliyopimwa pwani ilinganishwe na iliyopimwa Fort Worth.

Lakini kazi ninayoistahi kuliko zote ni ile isiyopigwa picha. Watazamaji husubiri resi ivutwe hadi mwisho waone nguvu za farasi ni ngapi. Mwenye pikipiki, akiwa kwenye foleni ya barabara kuu ya I-45, hafiki huko. Yuko kwenye mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika, resi imefunguliwa kidogo tu. Kwa ajili yake fundi hutumia breki ya umeme kulishika rola lisiongeze kasi, akatuliza mkono, akangoja mstari kwenye kioo uache kutetema, akarekebisha kijumba kimoja cha jedwali la mafuta kwenye kompyuta ya injini. Kisha kinachofuata, na kinachofuata. Kwenye Harley inayopozwa kwa hewa, silinda ya nyuma hukaa kwenye joto zaidi, hivyo kila silinda huangaliwa peke yake. Saa zinakwenda na kilele cha grafu hakisogei. Kinachobadilika ni kwamba injini imeacha kugugumia.

Akimaliza, huvuta resi hadi mwisho mara kadhaa, akiiacha injini ipoe kidogo kati ya mvuto na mvuto. Mistari ya mivuto hiyo ikilaliana, anaichapisha grafu na kulegeza mikanda. Isipolaliana, anarudi kwenye gasketi.