Shahada Katika Vyuo vya Ufundi: Inamnufaisha Nani?

Chuo cha ufundi kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1957 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1997, na hatimaye kikawa kinatoa shahada ya uhandisi. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978 kwa kuwafunza mafundi sanifu, nacho sasa kinatoa shahada. Cha Mbeya kimekuwa chuo kikuu kamili. Kwa jirani zetu wa Kenya, politekniki za Nairobi na Mombasa zilifanywa vyuo vikuu mwaka 2013. Hatuna budi kujiuliza: mwelekeo huu unamnufaisha nani?

Wapo wanaodai kwamba fundi abaki na cheti chake na shahada waachiwe wasomi. Hayo ni mabaki ya kasumba. Elimu ya kikoloni ilitenganisha kichwa na mkono, na Mwalimu Nyerere aliikosoa waziwazi mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Utaratibu wa sasa wa tuzo za ufundi, ambao ngazi ya 4 hadi ya 6 ni za vyeti na stashahada, na ya 7 na 8 ni za shahada, unamfungulia fundi njia ya kupanda. Katika hilo msimamo ni sahihi.

Kosa liko katika utekelezaji. Chuo kikishapata shahada, heshima, walimu na fedha huelekea kuifuata shahada hiyo, na karakana huachwa nyuma. Aidha, kijana wa kidato cha sita huweza kuingia moja kwa moja kwenye shahada ya uhandisi bila kupata kugusa mashine ya kukerezea chuma, huku fundi mwenye miaka 10 ya kazi akikosa nafasi au karo. Hapo ngazi iliyojengwa kwa jina la fundi inapandwa na mwingine. Katika mradi mmoja wa maji niliwahi kuwakuta wahandisi wawili wamekaa kivulini wakimngoja fundi mmoja aje afungue pampu. Wanakijiji nao walingoja, ndoo zikiwa tupu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini hoja yake haijafa. Kwa hiyo basi, vyuo vya ufundi vitenge sehemu kubwa ya nafasi za shahada kwa mafundi waliokwisha kufanya kazi. Mtihani wa karakana uwe na uzito sawa na wa darasani. Na kozi za mafundi sanifu zisipunguzwe hata kidogo.

Makada na wanafunzi, tusiipime shahada kwa joho. Tuipime kwa pampu inayotoa maji.