Kushika Bila Kuponda

Nyama ya ndani ya mwili, ikilowa damu na maji yake, huteleza kama samaki aina ya mukeke aliyetolewa sasa hivi Ziwa Tanganyika. Ukiilegezea inaponyoka, ukiikaza inapondeka. Mpasuaji wa Bujumbura, awe yuko Hospitali ya Prince Régent Charles au hospitali ya chuo kikuu kule Kamenge, hukabiliana na taabu hiyo kila anaposhika kisu. Msaada wake uko kwenye ncha za vibano na makoleo, na ncha hizo zimefikiriwa kwa akili nyingi.

Tazama ngozi. Anayejifunza hudhani kibano kisicho na meno ndicho chenye huruma. Sivyo. Taya isiyo na meno haina pa kung'ang'ania, hivyo vidole hulazimika kukaza, na ngozi iliyokazwa hukosa damu ukingoni. Kibano cha Adson chenye meno, mawili upande huu na moja upande wa pili, hutoboa kidogo tu kisha hushikilia kwa nguvu hafifu. Vitundu hivyo hupona upesi. Ngozi iliyopondwa huchelewa kupona, na pengine hufa.

Meno hayohayo yakifika kwenye utumbo ni hatari, kwa kuwa tundu dogo latosha kuvujisha uchafu tumboni. Hapo hutumika koleo la Babcock, mpasuaji wa Philadelphia. Taya zake ni pana, za mviringo, zenye uwazi katikati. Utumbo, kidole tumbo au mrija wa uzazi hutulia ndani ya uwazi huo, ukizingirwa zaidi ya kubanwa. Allis, wa mji huohuo, alituachia koleo lenye safu ya meno mafupi yanayoingiliana. Hushika kwa uthabiti lakini huumiza, kwa hiyo hupewa utando mgumu au kinachokwenda kukatwa.

Kwa mishipa ya damu, mpasuaji Michael DeBakey alipanga safu mbili za vijino vidogo mno kwenye taya moja, na kwenye ya pili safu moja inayoingia katikati yao. Nguvu ya vidole hutawanyika kwenye vijino vingi, na ukuta wa mshipa haujeruhiwi. Katika upasuaji wa uzazi, koleo la Green-Armytage hufuata kanuni hiyohiyo kwa njia nyingine: taya zake pana hubana sehemu kubwa ya ukingo wa mfuko wa uzazi, damu ikapungua wakati mama anashonwa.

Ustadi huu hulindwa na muuguzi anayeandaa vifaa. Kabla seti haijaingia kwenye mvuke wa nyuzi 121, hufumba koleo na kulielekeza kwenye mwanga. Ncha zikikutana sawasawa, mwanga haupenyi. Jino moja likiwa limepinda, nguvu iliyokusudiwa kugawanywa itarundikana mahali pamoja, na koleo lililobuniwa kuokoa litachana. Koleo kama hilo muuguzi hulitenga. Hospitali inayompa muuguzi huyo muda wa kukagua, na fedha za kubadilisha kilichochakaa, inamtibu mgonjwa hata kabla hajalala mezani.

Baada ya hapo uamuzi ni wa mpasuaji: nyama hii inatoka, au inabaki? Inayotoka na ishikwe kwa nguvu. Inayobaki itahitaji damu yake kesho, kwa hiyo ishikwe na koleo litakaloiacha hai.