Kitunga cha Picha na Kitunga cha Kazi



Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu mdogo kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa Kindu. Yeye anasuka vitunga tangu mimi sijazaliwa. Asubuhi tulivuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, vitunga kumi na viwili vimefungwa kwa kamba, na yeye amevaa kitenge chake cha sikukuu. Wakubwa walipita, wakasifu. Mmoja alishika kitunga, akakigeuza, akasema mbele ya watu wote kwamba huu njo mfano wa maisha endelevu: hakuna plastiki, hakuna mashine, hakuna moshi. Watu wakapiga makofi. Wakapiga na picha. Jioni tulivuka tena kurudi Alunguli na vitunga kumi.

Ndani ya mtumbwi mama mdogo aliniuliza: "Mwanangu, bale bote balipiga picha. Sasa ile picha, tutaitia mu chungu?"

Mimi, lisansie wa agronomia, sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na leo nalileta hapa.

Ninaona kwamba tunasifu kazi za mikono sawa vile watu wanasifu marehemu: mazuri tu njo yanasemwa. Lakini kitu kinachoishi kinastahili zaidi ya sifa. Kinastahili kuhukumiwa, kama tunavyohukumu mbegu kabla ya kuipanda. Kwangu maswali ni matatu. Je, kinafanya kazi yake vizuri kushinda kile kingine kilicho sokoni? Je, aliyekitengeneza anakula? Na ile mali ya msitu iliyokitengeneza, itakuwepo miaka kumi ijayo? Kitu kikianguka kwenye swali moja, tuseme. Tusifunike na neno "endelevu".

Tuanze na kitunga chenyewe. Vile alivyopeleka kwenye maonyesho vilikuwa na mfuniko, rangi mbili, na mishikio iliyosokotwa. Kwa macho, sina la kusema. Lakini kwa kazi? Ni kidogo mno kwa muhogo wa nyumba ya watu wanane. Mvua ikikipiga mara tatu, rangi inatoka. Kimoja kilimchukua siku tatu, bila kuhesabu siku ya kwenda kukata kekele, zile kamba za msitu zenye miiba, ambazo kila mwaka anazifuata mbali zaidi. Pembeni yake kuna beseni la plastiki. Linabeba maji, linafua nguo, linaogesha mtoto, linapokea unga, na bei yake haifiki nusu ya kitunga kile. Mama wa Mikelenge anayechagua beseni hajatupa mila, wala hachukii mazingira. Amepiga hesabu. Ukimkemea, unamkemea kwa sababu anajua hesabu.

Ugonjwa huu haukuanzia Maniema. Huko Uingereza, katika karne ya 19, kulikuwa na mtu anaitwa William Morris. Alichukia vitu vya viwanda vilivyojaza nyumba za wakati wake. Alitaka mfanyakazi wa kawaida awe na kitambaa kizuri, kiti kizuri, vilivyotengenezwa na mtu anayefurahia kazi yake. Tena alikuwa msoshalisti, hakuwa anacheza. Lakini mkono unaolipwa vizuri ni ghali. Mazulia na vitambaa vyake vilinunuliwa na matajiri, naye alilijua hilo na likamuuma. Alikufa mwaka 1896, na tatizo lake bado liko mzima: kitu cha mkono kikiuzwa rahisi, fundi analala njaa, kikiuzwa bei ya haki, maskini hakigusi.

Basi kwa nini mkono unatuvuta hivi? Angalieni kitenge cha waksi, kile bamama wanakiita cha Uholanzi. Vlisco ilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, na kitambaa chake kilikuwa cha kuiga: waliiga kwa mashine batiki ya Java, ambayo kule inachorwa kwa nta na mkono. Katika mashine nta ilikuwa inapasuka, rangi ikaingia ndani ya nyufa, ikaacha mishipa midogo kwenye kitambaa. Wale wa Java waliona ni kosa. Wanunuzi wa Afrika waliipenda, kwa sababu hakuna kipande kinachofanana kabisa na kingine. Mpaka leo kiwanda kinalinda lile kosa. Maana yake tunapenda kuona kwamba mtu alipita hapa. Upendo huo ni wa kweli na siuchekei. Ninachokataa ni kuufanya siasa ya mazingira. Kitu kinaweza kuwa na alama ya mkono kikaharibu msitu, na kinaweza kutoka kiwandani kikaulinda.

Mfano mkubwa uko kila siku mbele ya nyumba zetu: makala. Fikirini vizuri. Makala inatengenezwa kwa mkono mtupu. Mtu anakata mti kwa shoka, anapanga magogo, anafunika kwa majani na udongo, analinda tanuru siku na usiku akiziba kila tundu la moshi. Ni ufundi, na unafundishwa na baba kwa mtoto. Haitoki ng'ambo. Hata gunia lake lilikuwa na mchele au sukari kabla. Ukisoma zile sifa za maonyesho, makala inazitimiza karibu zote isipokuwa ile ya moshi. Lakini tanuru la udongo linarudisha kidogo sana: kilo 100 za mti zinatoa kama kilo 10 mpaka 20 za makala. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Ndiyo sababu msitu ule tuliocheza utotoni leo unaufikia kwa moto, tena kwa safari ndefu.

Je, tuwafukuze wachoma makala? Hapana. Wengi wetu hatuna umeme wa kupikia, na sombe haipikiki kwa hotuba. Jibu la agronomu ni kupanda. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, zilipandwa hekta karibu 8,000 za akasia, na ardhi ikagawanywa kwa wakulima, kila mmoja hekta 25. Katikati ya miti michanga wanalima muhogo na mahindi. Miti ikikomaa wanakata, wanachoma makala, kisha shamba linaanza upya. Akasia inarudisha naitrojeni ardhini, nyuki wanapata maua. Makala ni ileile, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alipanda kabla ya kukata. Hilo njo linaitwa endelevu, na halionekani kwenye picha ya gunia.

Sasa nije kwenye aibu yangu mwenyewe. Nilipomaliza masomo, nilifanya kazi miezi michache na shirika moja lililoleta mbabula ya udongo, ya kupunguza makala. Tuliwafundisha bamama kuifinyanga. Ilikuwa mizuri! Tuliipaka rangi, tukaipiga picha (nami nilipiga), tukaandika ripoti. Baada ya miezi miwili nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nyingi zilikuwa zimekaa pembeni. Moja ilikuwa kiota cha kuku. Mama mmoja aliniambia kwa heshima: "Mwanangu, mbabula yako iko muzuri. Lakini bugali, mutu anaipiga na nguvu. Nikipiga mwiko, chungu inaanza kutembea."

Hatukuwahi kupika bugali juu ya mbabula yetu hata siku moja. Tulipima maji yakichemka. Maji hayasongwi.

Linganisheni na Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilitokea jiko ambalo kwa Kiingereza lilipewa jina Kenya Ceramic Jiko. Wazo la udongo ndani ya bati lilitoka Thailand, lakini mafundi wa Kenya walilibadilisha lifanane na jiko la bati ambalo watu walikuwa tayari wanalitumia, likasimama imara na kushika sufuria zao. Bati lilikuwa chakavu, udongo ulikuwa wa kwao. Linaweza kupunguza makala kwa thuluthi moja mpaka nusu. Tena liliuzwa sokoni kama kitu chochote. Aliyeona halifai hakununua, na fundi akarekebisha. Sisi tuligawa bure, kwa hiyo hakuna aliyetuambia ukweli mpaka nilipokwenda kuuomba. Hilo jiko ni kazi ya mkono kama mbabula yetu. Tofauti ni kwamba lile lilipita mtihani wa mpishi.

Tunasahau pia vitu vya mkono ambavyo havikuhitaji semina kabisa. Chukua chikwanga. Miaka yote hii ya plastiki, chikwanga bado inafungwa na majani ya msitu, yale ya mangongo. Je, ni kwa sababu bamama walisikia habari za mazingira? Hapana. Jani linavumilia mvuke, linapikwa pamoja na muhogo, linaipa harufu yake, na linaitunza siku kadhaa njiani. Hapa plastiki haikushinda, kwa sababu jani linafanya kazi vizuri zaidi. Lakini jioni hiyohiyo, mama huyohuyo anauza sukari, chumvi na mafuta ya mawese ndani ya sashe ndogo. Serikali ilipiga marufuku sashe kwa dekrea ya tarehe 30 Desemba 2017. Nendeni sokoni mkahesabu. Sashe haikuondoka kwa sababu watu wananunua chakula cha siku moja, kwa feza ya siku moja, na jani haliwezi kushika mafuta ya vijiko vitatu. Anayetaka kuondoa sashe lazima kwanza ajibu: yale mafuta yatakwenda nyumbani ndani ya nini?

Na kuna kitu kingine ambacho hakitaingia kamwe kwenye maonyesho: bidoni la njano la lita 20. Lilikuja na mafuta ya kula. Likabeba maji. Likapasuka, fundi akaliziba kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki nyingine. Likapasuka tena, likakatwa juu, likawa ndoo ya kumwagilia mchicha. Likichakaa kabisa, linapandwa vitunguu. Kifaransa chetu cha mikutano kinasema "durable", yaani kitu kinachodumu. Hakuna kitu kinachodumu nyumbani kwetu kushinda bidoni hili. Ni plastiki, ni la kiwanda, na limeishi maisha endelevu kuliko kitunga kinachotundikwa ukutani. Tusijidanganye lakini: limeishi hivyo kwa sababu hatuna feza ya kununua jingine. Umaskini unatufanya tutunze vitu, na siku tukipata mshahara tunatupa chupa ya maji kila baada ya saa mbili. Sisi wasomi tuko wa kwanza. Ule mkutano wa mazingira niliohudhuria mwisho, kila kiti kilikuwa na chupa yake.

Nimalizie kwa mama mdogo, sababu deni langu ni kwake.

Baada ya maonyesho alikaa wiki nzima bila kusuka. Halafu mwuza samaki mmoja akamwagiza vitunga vikubwa, virefu, vya wazi, visivyo na rangi wala mfuniko, vya kusafirishia samaki wa kukauka kwa moshi. Yule mwuzaji alikuwa amejaribu beseni na magunia ya plastiki. Samaki wakatoa jasho, wakaota ukungu kabla ya kufika. Hilo hata mimi ningeweza kulieleza: samaki wa moshi anataka hewa ipite, plastiki inafungia unyevu. Kitunga kinapumua. Mama mdogo anakisuka kwa siku moja, kwa kekele nene ambazo hazihitaji kulainishwa, na kikivunjika upande mmoja anarudishiwa anakitengeneza. Sasa wauzaji watatu wanamwagiza.

Nikihukumu kwa maswali yangu matatu: kinafanya kazi kushinda beseni, ndiyo. Fundi anakula, ndiyo. Kekele itakuwepo? Hapo bado. Anaikata, hakuna anayeipanda, na wateja wakiongezeka ataifuata mbali zaidi. Hiyo sasa ni kazi yangu na yenu, maagronomu wa Maniema: kujifunza namna ya kuiotesha karibu na kijiji, kuacha mashina yapumzike, kukubaliana na wenye msitu ni wapi hapakatwi mwaka huu. Hiyo ni memwari nzuri kwa mwanafunzi anayetafuta mada, na ni ya manufaa kuliko ya kumi na tano juu ya "umuhimu wa mazingira".

Vile vitunga kumi vya maonyesho bado viko nyumbani kwake, juu ya kabati. Mgeni akija anavisifu. Mama mdogo anashukuru, kisha anarudi uani, anakaa chini, anaendelea na kile kibaya.