Roketi Ndogo ya Ngwana

Aliyesimama Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara nchini Uganda, hayuko mbali na khatulistiwa, ndiyo ikweta ya vitabu vya shule. Na baada ya tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kilo zipatazo 140 kilikuwa kikipita katika upeo wa anga yake zaidi ya mara kumi kila siku. Kiliitwa Uhuru, kwa kuwa kilirushwa siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, nacho kilikwenda kutafuta miali ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Kilibebwa na Scout, roketi nyembamba ya Kimarekani ya vipande vinne vilivyopandana, vyote vya mafuta makavu yaliyoshindiliwa mfano wa baruti. Aghalabu husemwa kwamba ikweta husaidia kwa kuwa dunia, katika kuzunguka kwake, huisukuma roketi. Ni kweli, lakini faida hiyo, ikilinganishwa na kituo cha Wallops huko Virginia, ni takriban mita 100 tu kwa sekunde, ilhali mzingo wataka kilomita 7.6. Faida kubwa imo katika mwelekeo. Chombo kirushwacho kutoka Wallops, latitudo ya nyuzi 38, huizunguka dunia kwa njia iliyoinama kadiri hiyo au zaidi, na kuilaza njia hiyo juu ya ikweta kwahitaji kasi nyingine ipatayo kilomita 5 kwa sekunde, akiba ambayo Scout haikuwa nayo kabisa.

Ndipo itambulikanapo hikima ya Profesa Luigi Broglio wa Roma, aliyesimamisha majukwaa baharini Ngwana, karibu na Malindi, nyuzi 3 kasoro kidogo kusini mwa ikweta. Roketi ilielekezwa mashariki, kwenye Bahari ya Hindi tupu, vipande vilivyokwisha moto vikaanguka majini. Na cha nne, kisicho na usukani, kikazungushwa kama pia ili kishike mwelekeo wake. Hivyo, ikizunguka karibu na ikweta, Uhuru ikaepukana na mionzi mikali ya Atlantiki ya Kusini, ambayo ingevichafua vipimo vyake, ikaorodhesha vyanzo 339.

Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliondoka Novemba 2022 kutoka Wallops ileile, shehena ndani ya roketi ya wengine, ikaachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga; na kwa kuwa abiria hachagui njia, ikarithi mzingo wa kituo hicho, ulioinama nyuzi 51.6, hivyo mizunguko yake mingi haikupita juu ya Uganda.