Corolla Iliyoshindwa na Mlima wa Kapsoit

Mwinuko wa Kericho umewafanya watu wengi wanunue injini wasizozihitaji. Kila mwaka bonasi ya majani chai ikishaingia, kuna mkulima wa Litein au Bomet anayeambiwa gari lake la zamani limechoka ndani, na kuna injini nzima inayong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kisa hiki nakieleza hatua kwa hatua kwa sababu kilikaribia kuishia huko.

Gari lilikuwa Toyota Corolla 100 yenye injini ya 5A-FE, mali ya mwalimu mmoja. Likitoka Kisumu lilienda bila shida mpaka Awasi. Kipsitet lilianza kuguna, na kufika Kapsoit lilikuwa gia ya pili, kikanyagio cha mafuta kimegusa sakafu, matatu zinalipita moja baada ya nyingine. Gereji ya kwanza ilipima kompresheni ikapata psi 150, 150, 145 na 150. Kitabu kinataka karibu 190. Hukumu ikatolewa hapohapo: “Mwalimu, ringi zimekwisha. Ngoja bonasi, tukutafutie injini ya Japani.”

Vipimo vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuvilinganisha na vya kitabu. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari, na Kericho iko juu kiasi cha mita 2,000 na zaidi, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 78 tu ya ile ya Mombasa. Pistoni haiwezi kubana hewa isiyokuwepo. Ondoa moja ya tano kwenye 190 na utabaki na kitu cha karibu 150. Huku kwetu kinachotakiwa kusomwa ni tofauti kati ya silinda na silinda, na tofauti ya psi 5 si ugonjwa. Injini ile ilikuwa nzima kabisa.

Mwinuko huohuo unakula nguvu pia. Farasi 105 ambazo Toyota iliihesabia injini hiyo zinabaki kama 80 na kidogo ukifika Kericho. Kwa hiyo fundi wa pili angeweza kusema “ni hewa ya mlimani, zoea tu,” naye angekosea vilevile. Mlima wa Kapsoit haujaongezeka urefu, na mwaka uliotangulia gari hilihili lilikuwa likiupanda kwa gia ya tatu. Jambo lililobadilika limo ndani ya gari. Mwalimu alipoulizwa vizuri akakumbuka kitu kingine: hata kwenye tambarare ya Ahero, akitaka kupita lori, gari lilikataa kuvuka kilomita 90 kwa saa. Ahero iko chini ya mita 1,200. Kilichokuwa kikilibana gari hakikufuata mwinuko, kilifuata mzigo. Kila injini ilipotakiwa kutoa nguvu yake yote, ilikwama.

Kichujio cha hewa kilikuwa safi. Presha ya petroli haikushuka hata injini ilipokanyagwa. Mafuta yenyewe yalinuswa na kutazamwa, maana mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa haukuisha moja kwa moja hata baada ya serikali kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Hayakuwa na kasoro. Kisha likafunguliwa lile sanduku dogo chini ya boneti lililoandikwa DIAGNOSIS, waya mfupi ukaunganisha TE1 na E1, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka na kuzima kwa mwendo ule mmoja usiokatika. Maana yake kompyuta haikuwa na lalamiko lolote. Wengi huishia hapo.

Kifaa kilichofungua fumbo ni geji ya vakyumu, ambayo mafundi wengi wa mjini siku hizi hawana habari nayo. Mpira wake uliunganishwa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Injini ikiwa imetulia, sindano ilisimama kwenye inchi 12 za zebaki. Mombasa hiyo ingekuwa habari mbaya. Kericho, ambako unapunguza inchi 1 kwa kila mita 300 hivi za mwinuko, ni kawaida. Halafu mzunguko ukapandishwa hadi 2,500 kwa dakika na kushikiliwa. Sindano ilipanda, ikasita, kisha ikaanza kuteremka polepole: 12, 11, 9. Moshi ulikuwa unaingia kwenye eksozi kwa kasi kubwa kuliko ulivyoweza kutoka, ukarudi nyuma na kuzuia hewa mpya isiingie.

Ili kuthibitisha, sensa ya oksijeni ilifunguliwa kwenye manifoldi ya eksozi, upande wa rejeta, tundu likaachwa wazi, na gari likapandishwa kilima kilicho karibu. Lilipiga kelele kama trekta la shambani, lakini lilipanda. Jaribio hili liwe la dakika chache tu, kwa kuwa moto unaotoka hapo unaweza kuunguza nyaya. Katalitiki, ule mkebe wa kwenye eksozi unaosafisha moshi, iliposhushwa, masega yake ya seramiki yalikuwa yameyeyuka na kugandamana. Mwanga wa tochi haukupita.

Fundi asiyejali angetia katalitiki nyingine, au angeyavunja masega kwa nondo, na kudai hela yake. Swali lililobaki lilikuwa zito zaidi: nini kiliyayeyusha? Seramiki ile huvumilia joto mpaka karibu nyuzi 1,450, na haifiki huko bila kulishwa petroli mbichi. Petroli mbichi hutoka kwenye silinda ambayo cheche yake imepotea njiani. Mwalimu alikiri kwamba asubuhi za ukungu gari lilikuwa likimisi mpaka jua litoke. Amezoea, alisema.

Kifuniko cha distributa kilitolewa na kugeuzwa kwenye mwanga. Ndani yake, kutoka kaboni ya katikati kuelekea kituo cha plagi ya tatu, kulikuwa na ufa mwembamba mweusi. Jioni, kifuniko kikiwa kimerudishwa na kunyunyiziwa maji kidogo, cheche za buluu zilionekana zikitambaa juu yake. Ukungu wa mashamba ya chai ulikuwa ukifanya kazi hiyo kila alfajiri. Kompyuta ya zama zile huangalia tu kama umeme umefika kwenye koili. Unakopotelea baada ya hapo haioni, ndiyo maana taa haikusema kitu.

Kifuniko, rota, waya na plagi vilibadilishwa kwanza, na katalitiki nyingine ikafungwa baadaye, gari lilipopita asubuhi kadhaa za ukungu bila kumisi. Utaratibu huo ni wa lazima, kwani katalitiki ikitangulia, itayeyuka kama mwenzake. Nami sikubaliani na kuacha mkebe mtupu: sumu inayotoka huvutwa na wanafunzi wanaotembea kando ya barabara. Ile iliyokufa nayo usimwachie fundi bila kuuliza bei, kwa sababu masega yake yana platini na paladi na wapo wanunuzi. Sindano sasa inakaa kwenye 12 au zaidi mzunguko ukishikiliwa 2,500. Kifuniko cha distributa kitaangaliwa tena kabla ya mvua za Machi.