Mtoto Ajifundishaye Mwenyewe

Walimu wenzangu, wako wasemao kwamba Bibi Maria Montessori huwaacha watoto wafanye wapendavyo. Na wako wasemao kwamba vifaa vyake ndivyo vifundishavyo, mwalimu hana kazi. Yafaa tukitazame kitabu chake cha mwaka 1916 juu ya shule za elimu ya msingi, tuone asemalo hasa.

Bibi huyu alizaliwa Italia mwaka 1870, akahitimu udaktari Roma mwaka 1896, na mwaka 1907 akafungua nyumba ya watoto wadogo katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Katika kitabu cha 1916 aenda mbele zaidi: je, mtoto afikapo umri wa sarufi, hesabu na jiometria, aweza bado kujifundisha? Jibu lake ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kifaa kimwonyeshacho mtoto kosa lake. Zitazameni shanga zake za hesabu. Ushanga mmoja ni moja. Shanga kumi zilizotungwa katika waya ni kumi. Nyaya kumi zikiunganishwa ni mraba wa mia. Miraba kumi ikipangwa mmoja juu ya mwingine ni elfu. Mtoto ajumlishapo, zikimbakia shanga kumi na mbili mahali pa mamoja, macho yake yamwambia kwamba kazi haijaisha. Sharti la pili ni wakati mrefu usiokatwa-katwa. La tatu ni mwalimu aonyeshaye kwa maneno machache, kisha akajitenga na kutazama. Basi uhuru huo si kutelekezwa. Mtoto huchagua katika yale aliyokwisha kuonyeshwa.

Hapo ndipo wengine walipomshika. Mwaka 1914 mwalimu Mmarekani, William Heard Kilpatrick, aliandika kwamba vifaa hivyo vyambana mtoto. Mimi nakubali nusu. Kifaa chenye jibu moja hufundisha jibu lile tu, hakifundishi kuuliza swali jipya. Lakini mtoto angojaye alama ya mwalimu hana hata jibu hilo moja lililo lake.

Jambo hili nalijua kwa aibu. Miaka mingi nalisahihisha madaftari kwa wino mwekundu, na watoto wangu walipomaliza hesabu walinitazama usoni. Nikikunja uso walifuta, hata palipokuwa sahihi. Siku moja niliwaagiza kwamba kila hesabu ya kugawanya ijaribiwe kwa kuzidisha kabla ya kuletwa kwangu. Kijana mmoja, ambaye siku zote alikuwa wa mwisho, alifika mezani, akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu, nimeliona kosa langu, naomba nikarudie." Sikununua ushanga hata mmoja.

Lakini kitabu kina upungufu, nao uko katika sura ya mawazo ya kubuni. Bibi azishuku hadithi za ajabu. Ataka mtoto ajenge juu ya mambo ya kweli. Sisi tuliolelewa kwa visa vya Sungura na Fisi twajua kwamba mtoto hadanganyiki. Ajua sana kuwa Sungura hasemi, na papo hapo ajifunza werevu na hila za watu.

Naye Bibi alisogea. Alikaa India tangu 1939 hata 1946, na katika kitabu kilichotolewa huko mwaka 1948 asema mtoto wa miaka sita hata kumi na miwili asimuliwe habari kubwa za ulimwengu, dunia na wanadamu, ili mawazo yake yamsukume kutafuta. Bado ataka hadithi iwe ya kweli. Lakini sasa hadithi yatangulia, na kifaa chafuata. Nayo matunda yameonekana. Mwaka 2006 Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walitoa habari za watoto wa mji wa Milwaukee, Marekani, waliopata nafasi kwa kura katika shule ya namna hii, na wenzao walioikosa. Watoto waliopimwa hawakuwa wengi. Lakini wale wa miaka 12 waliosoma hapo waliandika hadithi zenye ubunifu zaidi.

Basi kitabu cha 1916 kisomwe pamoja na kile cha 1948, maana kimoja bila kingine ni mguu mmoja. Na kabla hatujalalamika kwamba hatuna vifaa, kila mmoja wetu ajiulize: leo darasani mwangu, ni kosa gani mtoto aliloweza kuliona kabla yangu?